Mjadala: Dawa Mpya za Alzheimer Zipimwe kwa Kipimo Gani?

Tarehe 7 Juni 2021, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa ya ugonjwa wa Alzheimer iitwayo aducanumab. Tangu dawa ya memantine ikubaliwe nchini humo mwaka 2003, hakuna dawa yenye kiini kipya iliyokuwa imefika kwa wagonjwa wa maradhi haya yanayokula kumbukumbu, kisha lugha, kisha mwili. Mtu angetarajia shangwe. Badala yake wataalamu waligawanyika, na ubishi wao haujakwisha hata baada ya dawa nyingine mbili, lecanemab na donanemab, kuidhinishwa pia na kufika mbali zaidi.

Ubishi huu unawahusu wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimensia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Alzheimer ndiyo chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya dimensia yote. Hapa nimeupanga ubishi kwa sauti tatu: mtafiti kijana wa dawa za ubongo, tabibu mzee aliyewahi kumfundisha, na mama anayemuuguza mzazi wake nyumbani. Sauti nimezitunga, matokeo ya utafiti wanayoyataja ni ya kweli. Mwishoni nitatoa msimamo wangu.

MTAFITI: Mwalimu, watu hudai kwamba sisi tumeing'ang'ania amiloidi kama kitu tulichokiokota njiani. Naomba nianze na ilikotoka. Mwaka 1906, mjini Tübingen, Alois Alzheimer aliwaeleza madaktari wenzake alichokiona kwa darubini katika ubongo wa Auguste Deter, mgonjwa aliyekutana naye Frankfurt mwaka 1901. Aliona vitu viwili: mabonge yaliyoganda nje ya seli za neva, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli zenyewe. Mabonge hayo ni protini tunayoiita amiloidi; nyuzi ni protini ya tau. Mwaka 1984 George Glenner na Caine Wong waliitenga amiloidi na kuisoma. Ikaja kujulikana kwamba jeni inayoizalisha iko kwenye kromosomu ya 21, ileile ambayo watu wenye hali ya Down wanazo nakala tatu badala ya mbili. Na watu hao wakifikia umri wa makamo, karibu wote huwa na mabonge hayo ubongoni. Mwaka 1991 watafiti wa London walikuta familia iliyokuwa ikiugua Alzheimer mapema kwa sababu ya badiliko moja dogo kwenye jeni hiyohiyo. Mwaka uliofuata, John Hardy na Gerald Higgins wakaandika hoja iliyoongoza utafiti kwa miaka 30: amiloidi ndiyo inayotangulia, na maafa mengine hufuata nyuma yake.

TABIBU: Hayo siyapingi, binti yangu, nimeyafundisha mwenyewe. Ninachokataa ni kuruka kutoka kwenye chanzo hadi kwenye tiba. Nyumba ikishashika moto, kumpokonya mtoto kiberiti hakuizimi. Tazama tulivyoanguka. Mwaka 2002 chanjo ya kwanza dhidi ya amiloidi, AN-1792, ilisimamishwa kwa sababu asilimia 6 ya waliochanjwa walipata uvimbe wa ubongo na utando wake. Mwaka 2010 semagacestat, iliyozuia amiloidi isitengenezwe, ilisitishwa baada ya wagonjwa waliopewa dawa kuzorota kuliko ambao hawakupewa. Mwaka 2012 bapineuzumab na solanezumab zote mbili zikashindwa. Jeffrey Cummings na wenzake walihesabu majaribio ya dawa za Alzheimer kati ya mwaka 2002 na 2012: dawa 244, na asilimia 99.6 ya juhudi hizo ziliambulia patupu. Hata saratani haina rekodi ya namna hiyo.

Kisha kuna masista wa Kikatoliki wa Marekani, 678 kwa idadi, waliokubali kupimwa akili mwaka baada ya mwaka na kutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Miongoni mwao walikuwapo waliokufa wakiwa na akili timamu, na ubongo wao ulipofunguliwa ukakutwa umejaa mabonge. Kama amiloidi peke yake ndiyo muuaji, hao waliponaje?

MTAFITI: Swali hilo ni zuri, na nitalirudia. Kwanza niseme kuhusu kuanguka. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na sisi tulikubali, kisha tukachunguza kwa nini. Tuligundua kwamba katika majaribio ya zamani, baadhi ya walioitwa wagonjwa wa Alzheimer hawakuwa na amiloidi hata kidogo, kwa sababu hakukuwa na picha za PET za ubongo za kuhakikisha. Wengine walikuwa wamechelewa mno. Wengine walipewa kiasi kidogo cha dawa kwa kuogopa madhara. Kila kosa lilisahihishwa katika jaribio lililofuata.

Huko Uppsala, Sweden, Lars Lannfelt alifuatilia familia yenye badiliko jingine la jeni. Aligundua kwamba kwao hatari kubwa ilitoka kwenye vinyuzi vidogo vya amiloidi ambavyo bado havijaganda kuwa bonge. Kutoka hapo ikatengenezwa kingamwili ya kuvinasa vinyuzi hivyo, na hiyo ndiyo lecanemab. Mwishoni mwa mwaka 2022 matokeo yalichapishwa: watu 1,795 wenye ugonjwa wa hatua za mwanzo, nusu wakipewa dawa na nusu dripu isiyo na dawa, kwa miezi 18. Waliopewa dawa walizorota polepole zaidi kwa asilimia 27. Kwa mara ya kwanza, jaribio kubwa lililopangwa vizuri lilionyesha bila utata kwamba kuiondoa amiloidi kunaubadili mwendo wa ugonjwa.

TABIBU: Asilimia 27 ya nini? Hapo ndipo ninapotaka wasomaji watue. Kipimo kilichotumika kina alama 18, na kinapima kumbukumbu, kujua mahali na wakati, kuamua mambo, shughuli za mtaani, shughuli za nyumbani na kujihudumia. Sifuri ni mzima kabisa, 18 ni aliyefikia dimensia kali kabisa. Washiriki walianza wakiwa na alama 3 na kitu. Baada ya miezi 18, wasiopewa dawa walikuwa wameongezeka alama 1.66, waliopewa, 1.21. Tofauti ni 0.45, haifiki hata nusu alama. Madaktari wengi wanasema tofauti ikiwa chini ya alama moja, daktari aliyekaa na mgonjwa chumbani hawezi kuiona.

Na angalia gharama ya mwili. Asilimia 12.6 ya waliopewa lecanemab walionekana kwenye kipimo cha MRI wakiwa na uvimbe ubongoni, ilhali kwa wale wengine ilikuwa asilimia 1.7. Asilimia 17.3 walikuwa na dalili za damu iliyovuja, dhidi ya 9. Wengi hawakuhisi chochote, lakini si wote. Katika jaribio la donanemab uvimbe ulifika asilimia 24, na washiriki watatu waliopata madhara makubwa ya aina hiyo walifariki. Katika jaribio la lecanemab mgonjwa aliwekewa dripu kila wiki mbili, na anayeitumia hupigwa MRI mara kwa mara ili damu isivuje bila watu kujua.

MUUGUZAJI: Samahani, Daktari, nikukatishe. Hizo alama mnazigombania ninyi, lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi namuuguza mama. Alianza kwa kuuliza swali lilelile mara nne kabla chai haijapoa. Kisha akawa anaficha pesa ndani ya unga na kutulaumu kwamba tumemwibia. Sasa ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Niambieni kwa lugha ya nyumbani: hiyo tofauti ndogo ni nini?

MTAFITI: Mama, shikamoo. Kwa lugha ya nyumbani, watafiti wanakadiria kwamba katika hiyo miezi 18 mgonjwa anacheleweshewa kuharibika kwa takriban miezi mitano. Anapopaswa kufika mahali fulani pa ugonjwa mwezi wa kumi na tatu, anafika mwezi wa kumi na nane. Hatuna dawa ya kumrudisha alikotoka.

MUUGUZAJI: Marahaba, mwanangu. Basi nisikilizeni. Ile miaka ya mwanzo, mama alipokuwa bado anajijua, miezi mitano ningeipokea kwa mikono miwili. Angenionyesha mipaka ya shamba lake mwenyewe, badala ya sisi ndugu kugombana baadaye. Angewaambia wajukuu majina ya watu waliomo kwenye picha za zamani. Leo, miezi mitano ya hali aliyonayo sasa, ya kuvuliwa na kulishwa na kupiga kelele usiku, sijui kama yeye mwenyewe angeiomba. Kwa hiyo msiniulize kama miezi mitano ni mingi au michache. Niulizeni ni miezi ipi.

TABIBU: Dada yangu, umesema kitu ambacho karatasi nyingi za utafiti hazikisemi.

MTAFITI: Nami nakiri kwamba ndiyo maana dawa hizi zinatolewa kwa hatua za mwanzo tu. Katika jaribio la donanemab lililochapishwa mwaka 2023, lenye washiriki 1,736, waliokuwa na tau kidogo au ya kiasi walipunguziwa mwendo wa kuzorota kwa asilimia 35. Waliokuwa na tau nyingi walinufaika kwa kiwango cha chini zaidi. Jambo jingine, donanemab husimamishwa mabonge yakishaondoka. Si dripu ya maisha.

TABIBU: Tuje basi kwenye aducanumab, kwa sababu hapo ndipo imani ya umma ilipovunjika. Kampuni ya Biogen ilifanya majaribio mawili makubwa, na mwaka 2019 ikayasimamisha yote kwa kuona hayataleta faida. Baadaye ikasema jaribio moja, likihesabiwa na takwimu zilizoingia mwishoni, lilifaulu, na jingine halikufaulu. Novemba 2020 jopo la washauri wa FDA liliukataa ushahidi huo kwa kauli karibu moja. Miezi saba baadaye FDA ikaidhinisha. Ilitumia mlango gani? Ilisema dawa inaondoa amiloidi, na kwamba kuondoka kwa amiloidi kunaelekea kumsaidia mgonjwa. Washauri watatu walijiuzulu, mmoja wao Aaron Kesselheim wa Harvard. Bei ikatangazwa: dola 56,000 kwa mwaka, kisha ikapunguzwa hadi nusu. Mwaka 2022 Medicare, bima ya wazee wa Marekani, ikakataa kuilipia nje ya majaribio. Januari 2024 kampuni yenyewe ikatangaza kuiacha.

Mimi sina ugomvi na sayansi ya amiloidi kama nilivyo na ugomvi na siku ile. Siku ile picha ya ubongo ilipewa cheo cha mgonjwa.

MTAFITI: Hapo, Mwalimu, tuko upande mmoja. Idhini ile ilituumiza sisi tunaoamini njia hii kuliko ilivyowaumiza wapinzani wetu. Lecanemab ilipokuja na jaribio safi, watu walikuwa wameshachoka kusikiliza.

TABIBU: Na kashfa ya makala ya mwaka 2006? Jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Sylvain Lesné na wenzake kuhusu aina mahususi ya amiloidi inayofuta kumbukumbu za panya. Ulinukuliwa na maelfu. Picha zake zikaonekana zimechezewa, na Juni 2024 makala ikaondolewa rasmi. Watu wanauliza: jengo zima halikusimama juu ya uongo huo?

MTAFITI: Hapana, na hili nalisema kwa uhakika. Hoja ya amiloidi ilisimama juu ya jeni za familia zenye ugonjwa miaka 15 kabla ya makala ile, na kingamwili zilizoko leo hazikutengenezwa kuilenga aina hiyo ya Lesné. Makala ile iliwapotezea watu muda na fedha, na aibu yake ni ya kweli. Lakini ukiiondoa, msingi haujatikisika.

Sasa nirudi kwa wale masista, maana niliahidi. Jibu bora zaidi linatoka Colombia. Katika milima ya Antioquia kuna ukoo mkubwa ambao Francisco Lopera, daktari wa neva aliyefariki mwaka 2024, aliufuatilia kwa miongo minne. Wenye badiliko la jeni linaloitwa E280A huanza kusahau wakiwa na miaka 44 hivi, na kufikia dimensia karibu na 49. Watu wa ukoo huo walijitolea kujaribiwa dawa ya kupambana na amiloidi iitwayo crenezumab kabla hawajaugua. Mwaka 2022 ikatangazwa kwamba haikuwasaidia.

TABIBU: Kwa hiyo hata kuwahi kulishindwa.

MTAFITI: Kwa dawa hiyo dhaifu, ndiyo. Lakini katika ukoo huohuo alikuwapo mwanamke mwenye badiliko lilelile ambaye hakuanza kusahau hadi alipovuka miaka 70. Aliwapita ndugu zake kwa karibu miaka 30. Mwaka 2019 watafiti walieleza walichokikuta kwake: alikuwa na nakala mbili za aina adimu ya jeni ya APOE, iitwayo Christchurch. Ubongo wake ulikuwa na amiloidi nyingi kupindukia.

TABIBU: Umenishindia hoja yangu mwenyewe. Amiloidi tele, na akili timamu!

MTAFITI: Subiri, Mwalimu. Tau yake ilikuwa kidogo. Hapo ndipo palipo na ufunguo, kwako na kwangu. Amiloidi inaweza kujaa kwa miaka bila kumharibu mtu, mradi tau isisambae. Kati ya amiloidi na tau upo mlango, na mwanamke yule alizaliwa na kufuli yake. Ndiyo maana leo maabara kadhaa zinatafuta dawa ya kuiga kazi ya jeni ile ya Christchurch, na nyingine zinaishughulikia tau moja kwa moja. Kwa hiyo wewe ulikuwa sahihi kwamba amiloidi peke yake haiui. Nami nilikuwa sahihi kwamba hiyo ndiyo inayotangulia.

MUUGUZAJI: Nimewaelewa. Sasa niambieni: dawa hizi zimejaribiwa kwa watu kama mama yangu?

MTAFITI: Kwa aibu, hapana. Katika jaribio kubwa la donanemab, zaidi ya asilimia 90 ya washiriki walikuwa weupe. Na hilo si suala la heshima tu. Waliorithi nakala mbili za aina ya jeni iitwayo APOE4 ndio wanaovimba na kuvuja damu ubongoni zaidi wanapopewa dawa hizi. Lakini APOE4 haifanyi kazi sawa kila mahali. Kuanzia mwaka 1992 watafiti wa Ibadan, Nigeria, na wa Indianapolis, Marekani, wakiongozwa na akina Adesola Ogunniyi na Hugh Hendrie, waliwafuatilia wazee wa Kiyoruba na Wamarekani weusi kwa vipimo vilevile. Matokeo ya mwaka 2001: kila mwaka, asilimia 1.15 ya wazee wa Ibadan walikuwa wakipata Alzheimer, dhidi ya asilimia 2.52 ya wale wa Indianapolis. Na kwa Wayoruba, APOE4 haikuonekana kuwa na nguvu ileile ya kuleta ugonjwa. Kuna kitu Ibadan kinachowalinda watu, katika damu au katika maisha, na kitu hicho kinaweza kuwa dawa ya ulimwengu mzima. Anayewaacha Waafrika nje ya majaribio anaufunga mmoja wa milango ya ugunduzi.

TABIBU: Nyumbani kwetu nako kuna ushahidi. Utafiti uliofanywa vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na dimensia. Kwa hiyo wale wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu wanaoishi sana, wakae chini. Lakini binti yangu, hesabu nami. Lecanemab ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 26,500 kwa mwaka. Agosti 2024 Uingereza iliikubali kuwa dawa halali, na siku hiyohiyo chombo kinachoushauri mfumo wa afya wa umma kikapendekeza isilipiwe, kwa kuwa faida yake ni ndogo mno kwa gharama hiyo. Kama Uingereza ilisita, zahanati ya kijijini isiyo na MRI itafanya nini?

MTAFITI: Bei za leo si bei za kesho. Dawa za Ukimwi nazo ziliwahi kuonekana si za kwetu, na leo zinatolewa bure katika vituo vya afya. Upimaji umeanza kurahisika: Mei 2025 FDA iliruhusu kipimo cha damu kinachoonyesha kama amiloidi imejaa ubongoni, kazi ambayo zamani ilihitaji PET au sindano ya uti wa mgongo.

Na dawa inaweza kutoka mahali tusipopatazama. Wales ilipoanza kutoa chanjo ya mkanda wa jeshi, waliozaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1933 waliruhusiwa kuchanjwa, na waliowatangulia kwa siku chache hawakuruhusiwa. Pascal Geldsetzer na wenzake waliyalinganisha makundi hayo mawili. Mwaka 2025 walichapisha matokeo: waliochanjwa walipungukiwa na dimensia kwa takriban sehemu moja ya tano katika miaka saba. Chanjo ya kawaida, ya maradhi mengine kabisa!

TABIBU: Na Novemba mwaka huohuo, semaglutide, dawa ya kisukari na unene iliyopambwa kwa matumaini mengi, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer na haikuwapunguzia mwendo wa ugonjwa. Matumaini yapimwe kabla hayajauzwa.

Mimi nina dawa ambazo hazihitaji kusubiri. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet, chini ya Gill Livingston, ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia: elimu duni utotoni, presha, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, masikio na macho yaliyoachwa bila matibabu, upweke, hewa chafu na mengineyo. Kwa hesabu yao, yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya dimensia duniani inaweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Hakuna kingamwili iliyowahi kukaribia hapo.

MUUGUZAJI: Mama alikuwa na presha miaka mingi. Vidonge vilikuwapo mwezi huu, mwezi ujao havipo, nasi tukasema ataendelea vikipatikana. Alipoanza kusahau, familia ikasema ni uzee. Jirani mmoja akasema amerogwa, na tukapoteza miaka tukimtafuta mchawi. Tulipofika kwa daktari, hatua za mwanzo zilikuwa zimeshapita. Hata mngeniletea dawa yenu bure siku ile, isingemfaa.

MTAFITI: Hilo, mama, linanipa funzo kuliko majedwali yangu. Dawa ya hatua za mwanzo haina maana mahali ambapo hakuna anayetambuliwa katika hatua za mwanzo.

TABIBU: Na kwa walio katika hali ya mama yako, bado tuna la kuwafanyia. Hapo Hai palijaribiwa vikao vya kikundi vya kuchangamsha akili: mazungumzo, nyimbo, michezo, habari za kale. Vikao hivyo viliendeshwa bila mitambo ya gharama, na vikasaidia uwezo wa wazee wa kufikiri. Wala havikumvimbisha mtu ubongo.

MUUGUZAJI: Basi msinipe kimoja mkaninyang'anya kingine. Nataka watafiti waendelee, kwa ajili ya watoto wangu, maana nami naogopa. Nataka na mama yangu apate kikao hicho wiki hii.

Mjadala wao naukomesha hapo, niseme langu.

Ninaamini kwamba njia ya amiloidi imethibitika kuwa njia, na kwamba waliofika hadi lecanemab na donanemab wamefanya kazi inayostahili heshima. Kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyeweza kuugusa mwendo wa ugonjwa huu; sasa umeguswa. Lakini ninakataa neno tiba kutumiwa kwa dawa inayochelewesha kwa miezi mitano, na ninakataa zaidi kwamba picha safi ya ubongo itoshe kuuza dawa. Kilichotendeka mwaka 2021 kisirudiwe kwa tau, wala kwa jeni ya Christchurch, wala kwa chochote kitakachofuata. Dawa ya Alzheimer ithibitishe kwamba mgonjwa aliyeinywa au kuchomwa anaendelea kuvaa nguo zake mwenyewe, kuzungumza na watu wake na kuamua mambo yake, kwa muda ambao yeye na wanaomuuguza wanauona. Kipimo kingine chochote ni cha kumsaidia mtafiti ajue anakoelekea, na kibaki maabara.

Kwa upande wetu, sioni heshima katika kungoja dawa ikamilike kwingine ndipo tuombe punguzo la bei. Ibadan na Hai zimeonyesha kwamba wazee wa Afrika wanakubali kushiriki utafiti ukifanywa nao kwa adabu na kwa lugha yao, na kwamba ndani ya maisha yao kuna majibu ambayo Boston na Tokyo hazina. Mamlaka zetu za dawa zidai takwimu za Waafrika kabla ya kuidhinisha kingamwili yoyote kati ya hizi, hasa kwa habari ya uvimbe na uvujaji wa damu. Serikali zetu zichangie majaribio hayo, ili tuwe na sauti katika maswali yanayoulizwa na katika bei itakayopangwa.

Hayo yanahitaji miaka. Kumpima mzee presha kunahitaji dakika, kumsafisha masikio kunahitaji nusu saa, na kumfundisha mhudumu wa afya wa kijiji kutofautisha uzee na dimensia kunahitaji semina ya siku chache. Serikali inayosema haina fedha za kutafuta dawa mpya haina kisingizio cha kukosa vidonge vya presha, na sisi wenye wazee majumbani tuna haki ya kuyadai yote mawili kwa sauti moja.